Sekunde Saba za Mdogo Wangu

Mdogo wangu nilimlea mimi. Mama yetu alipotutoka yeye alikuwa na miaka minne, na mimi nilikuwa mwanamke mzima mwenye mume na cherehani. Nikamchukua na kibegi chake kimoja, na tangu siku hiyo nyumbani kwangu halijatamkwa tusi. Watu wanasema natia chumvi. Waje wawaulize majirani. Marehemu mume wangu, siku nyundo ilipompiga kidole, alisema "Ee, jamani," akakaa chini, basi.

Nayaandika haya kwa sababu kuna wanaosema mdogo wangu alifukuzwa kazi, na kuna wanaosema alirukwa na akili. Hakufukuzwa, na akili anazo. Ila lililotokea si la kawaida, na mimi nililiona kwa macho yangu, kwa hiyo wacha nilisimulie mwenyewe kabla hawajalimaliza wasiolijua.

Alikuwa akifanya kazi kituo cha televisheni, upande wa michezo. Sura yake hamkuiona hata siku moja. Mpira mnaoambiwa unaonyeshwa moja kwa moja si moja kwa moja kama mnavyodhani nyinyi mliojilaza kwenye makochi. Kila kitu kinaingia kwanza kwenye sanduku, kinakaa humo sekunde saba, ndipo kinatoka kuja majumbani. Mdogo wangu ndiye aliyekaa mbele ya hilo sanduku, hedifoni masikioni, kidole juu ya kitufe chekundu. Mgeni wa studio akiteleza ulimi, yeye anabonyeza. Zile sekunde saba zinafutika zote, picha na sauti, nanyi mnaona mpira umeruka kidogo, mnadhani mmepepesa macho. Kazini walimwita Kidole. Hata mlinzi wa getini alikuwa akimpigia kelele, "Kidole! Leo unamkata nani?"

Alipoanza kazi hiyo walimpa karatasi yenye matusi yote anayotakiwa kuyajua. Aliificha chini ya godoro. Nikaikuta nikibadilisha shuka.

"Nini hii?"

"Kazi, dada."

"Kazi gani yenye uchafu huu?"

"Nisiyoyajua yatanipita, dada. Lazima niyajue yote."

Nikavaa miwani, nikasoma moja baada ya jingine, polepole, maana mimi shule niliishia darasa la pili. Nikamwambia hao watoto wa ofisini hawajui kitu, wamesahau matatu ya zamani ambayo ni mabaya kuliko hayo yao yote.

"Yapi hayo, dada?"

"Lete kalamu. Kwa mdomo siyatamki."

Nikamwandikia. Akasoma, masikio yakamwiva. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu.

Miaka minne alifanya kazi hiyo hakuna tusi lililompita. Mwaka wa tano ndipo mambo yalipoanza.

Siku moja, mchana, tunakula, naona kidole chake cha shahada kimebonyeza meza. Tap. Kama anaua sisimizi. Sijauliza kitu, nikasikia kishindo ng'ambo ya barabara kwa fundi baiskeli: gurudumu limemwangukia mguuni. Akatoa tusi hilo, mtaa mzima ukasikia. Nikacheka.

"Wewe! Hata nyumbani uko zamu?"

Yeye hakucheka. Alikuwa akikitazama kidole chake kama kitu alichookota.

"Dada, nimebonyeza kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla hajalisema. Nilimsikia, nikabonyeza, ndipo akasema."

Nikamwambia ale chakula kinapoa. Lakini tangu hapo nikawa namwangalia. Tukiwa kwenye foleni ya dukani, kidole kinagusa paja, nami nahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, na kabla sijafika saba mtu nyuma yetu anamtukana mwenzake. Nilihesabu mara nyingi, hakukosea hata mara moja. Siku nyingine tulikutana na yule mama wa duka la dawa, mpole, ana tabasamu la kila siku. Kidole kikagusa paja. Mama yule akatusalimu, akaniuliza presha yangu, akatutakia siku njema, akaenda zake na mkoba wake.

"Leo umekosea," nikamwambia. "Hajasema kitu."

"Bado," akasema.

Neno hilo moja lilinifanya nigeuke nimtazame yule mama mpaka akakata kona.

Chumba chake cha kazi nilikiona mara moja tu, siku aliyosahau miwani nyumbani nikampelekea. Hakina dirisha, ila kioo kimoja kinachotazama studio. Kuta zimevishwa sponji toka chini mpaka juu, mlango mzito kama wa jokofu. Ukifungwa, sauti yako inafia midomoni, haiendi popote. Nilisikia damu yangu mwenyewe ikipita masikioni. Kwenye sanduku kulikuwa na taa saba za kijani, kila sekunde na taa yake. Akanieleza kwamba akibonyeza, taa zote zinazimika, halafu zinawaka tena moja moja, taratibu, karibu dakika nzima.

"Na hapo katikati?" nikamuuliza.

"Hapo katikati hakuna kitu, dada. Linalosemwa linatoka hilo hilo. Nakaa nikiomba Mungu."

Nikatoka humo haraka. Sijui niseme nini, ila niliona kama kile chumba kinasubiri mtu aseme kitu.

Sasa ikafika siku ya fainali, Jumapili saa kumi jioni. Mgeni wa studio alikuwa golikipa wa zamani, mtu wa makamo, mstaarabu kuliko wote. Alikuwa akisema "samahani" hata anapomkosoa refa. Wakubwa wa kituo walimtania mdogo wangu: "Kidole, leo pumzika. Huyu hata ndotoni amevaa tai."

Mimi nilikuwa nyumbani nikitazama na jirani yangu, ambaye mpira anaupenda kuliko wajukuu zake. Bila bila mpaka dakika za mwisho. Ikapigwa filimbi ya kona. Mchezaji akaweka mpira chini, akarudi nyuma hatua tatu. Na papo hapo, bila kupigwa, mpira uko wavuni, watu wanakimbia na mashati yamevuliwa.

"Goli liko wapi?" jirani akaruka. "Jamani, goli liko wapi? Nani kalila goli?"

Kabla sijajibu, sauti ya yule kipa ikatoka kwenye televisheni, tulivu, wala si ya kupayuka. Alisema tusi. Lilikuwa moja kati ya yale matatu yangu. Jirani akakaa. Nami nikakaa. Mtangazaji tukamsikia akimeza mate.

Mdogo wangu aliporudi hakuvua viatu. "Nililisikia, dada," akasema. "Nililisikia kwa sauti yake, waziwazi kama unavyonisikia. Nikabonyeza."

Jumanne akaitwa. Barua ilisema anaweza kuja na ndugu mmoja wa kushuhudia, nami nikavaa gauni langu la buluu. Walitupandisha ghorofa ya tatu, chumba chenye meza ya kioo. Alikuwepo mama mkuu wa michezo, mwenye penseli sikioni, na yule kipa kwenye kiti cha pembeni, kofia imekaa magotini.

Mama mkuu hakuzunguka. Wasimamizi wa utangazaji wa serikalini wameandika, wanataka jina la mwenye kosa. Mgeni si mfanyakazi, haandikwi. Mdomo wa mgeni unabebwa na kituo, na ndani ya kituo yupo aliyeajiriwa kuubeba. Kisha akatusikilizisha kanda ya yale yaliyopita kwenye hedifoni za mdogo wangu.

Nilisikiliza kwa masikio yote. Kona inapigwa. Kipa anasema, "Mpira mzuri huu, unaelekea mlingoti wa mbali." Goli. Mtangazaji anapiga ukelele. Halafu mlio mdogo wa kitufe. Tusi hakuna. Baada ya hapo sauti ya msimamizi wa matangazo inawafokea walio studio: "Kidole amekata goli! Nchi nzima haijaona goli!" Na hapo ndipo kipa anapotoa lile neno lake, sanduku likiwa tupu.

"Umeona?" mama mkuu akamwambia mdogo wangu. "Ulibonyeza pasipo na kitu. Ukakata goli, mgeni akakasirika kwa sababu umekata goli, akatukana wakati huna kinga. Tusi umelitengeneza wewe."

Mdogo wangu akakitazama kidole chake.

"Sasa, mimi sitaki kukupoteza. Hapa pameandikwa kwamba ulichoka, kidole kikateleza. Tia sahihi, utapewa onyo, Jumamosi urudi kitini. Lakini ukiniandikia hii hadithi ya kusikia maneno ambayo hayajasemwa, nitalazimika kukupeleka kwa daktari wa akili, na kitufe hutakigusa tena."

Akasukuma karatasi. Mdogo wangu akachukua kalamu.

"Weka kalamu chini," nikasema.

"Mama, tafadhali," mama mkuu akasema. "Wewe ni shahidi tu."

"Nashuhudia, ndiyo. Kidole chake hakijateleza tangu nimfundishe kushika kijiko. Kiliteleza?"

"Hapana, dada."

"Basi usiandike kwamba kiliteleza. Sema ulichosikia."

Akasema. Akasema yote, fundi baiskeli, foleni ya dukani, mama wa duka la dawa. Mama mkuu akaanza kutikisa kichwa, na penseli ikaanguka. Hapo ndipo yule kipa alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Rudisha kanda."

Ikarudishwa. Kona, mlingoti wa mbali, goli. Akanyanyua mkono.

"Hapo. Simamisha. Hapo ndipo nilipolisema."

"Mzee wangu, hapo hujasema kitu. Sote tumesikia."

"Kwa mdomo sijasema."

Kipa akawa anaizungusha kofia yake. Alisema miaka ishirini na sita iliyopita alifungwa goli kama lile lile, kona ile ile, mlingoti wa mbali, mpira ukapita katikati ya mikono yake. Neno lile lilimpanda kooni. Lakini mama yake alikuwa amekaa jukwaani safu ya mbele, akalimeza. Tangu hapo, kila mpira anaoutazama, anakaa nalo.

"Nawaambia samahani watu wote," akasema, "kwa sababu najua ninachokizuia. Juzi goli lilipoingia lilifika hapa." Akagusa koo. "Huyu ndugu amelisikia likiwa bado hapa. Mimi sijui amelisikiaje. Nami nakwambia, mama, nilimwona kupitia kioo akigeuka kunitazama kabla hajabonyeza, nikaogopa. Nikajua amejua."

Hakuna aliyecheka. Mama mkuu alivuta sweta lake akalifunga mbele, na wala hapakuwa na baridi.

"Lakini mgeni haandikwi," akasema, kwa sauti ndogo.

"Basi msiniandike. Jumamosi niwekeni mbele ya kamera, niwaambie watu mwenyewe kwamba tusi ni langu, nimelibeba mimi na nimeliangusha mimi. Nitakayeulizwa ni mimi. Huyu mwacheni."

Ndivyo ilivyokuwa, na wengi wenu mlimwona Jumamosi ile, amekaa wima, akiomba radhi. Wasimamizi wakaridhika. Karatasi ya kuteleza ikachanwa palepale mbele yangu.

Kwa hiyo msiniambie mdogo wangu alifukuzwa. Mama mkuu alisimama, akampa mkono, akatabasamu vizuri tu: "Haya, yameisha. Jumamosi karibu kazini."

Mdogo wangu hakuupokea ule mkono. Aliutazama. Kisha akavua kitambulisho chake shingoni, akakiweka juu ya kioo, polepole, kama kinaweza kuvunjika.

"Asante, mama. Sirudi."

Nilimkamata kwenye ngazi. "Una wazimu? Umesafishwa jina mbele ya watu, unaacha kazi?"

"Alisema karibu, dada," akanijibu. "Nyuma ya karibu kulikuwa na jingine. Sikutaka kukaa nikilingoja mpaka alitoe."

Sasa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Misumeno inapiga kelele toka asubuhi, mtu hajisikii hata akijiita jina. Anasema huko amepata kulala vizuri. Anarudi na unga wa mbao kwenye nyusi, anaoga, anakula, ananiambia habari za mbao.

Na mimi, niseme kweli, iliniuma. Nilimwambia aweke kalamu chini ili arudi kwenye kile kiti akiwa na jina safi, si ili akapakie mbao. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu mdogo wangu yuko televisheni. Wakiniuliza siku hizi najibu kwa mkato, nabadilisha mazungumzo.

Jumapili iliyopita tulimaliza kula mchana. Nikasimama kukusanya sahani. Jua limeingia mpaka katikati ya sebule, redio imezimwa, kuko kimya. Nikamtazama amekaa pale na vidole vyake vyenye vibanzi, na hasira ikanipanda. Sikufungua mdomo. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa kabisa, naapa. Nililisema ndani tu, nikimlenga yeye, lile baya kuliko yote matatu.

Kikombe kikasimama nusu ya njia kwenda mdomoni mwake.

"Nimesikia, dada," akasema. Taratibu, bila hasira, kama mtu anayejibu hodi.

Nikaweka sahani chini, nikakaa karibu naye, nikamwomba radhi kwa sauti, neno kwa neno, ili walau hilo alisikie kama watu wengine wanavyosikia.