Nyambizi ya Mahdi Chini ya Barafu

Mahdi Shebwana alizaliwa Kisauni, akahamia Minnesota na mkewe Faiza, na kwa miaka mingi sasa anaendesha vigari vya mizigo uwanja wa ndege. Wenzake wanamjua kwa kicheko na kwa kupiga domo. Basi msimu mmoja wa theluji aliteleza akateguka kifundo cha mguu. Akiwa amejilaza nyumbani kwao katika mji wa Crystal, alitazama kipindi cha nyambizi za Kijerumani, na tangu hapo hakuwa na habari nyingine.

Iliyomteka ni U-197. Mwaka 1943 ilifika mpaka kusini mwa Madagaska kuwinda meli. Mwezi wa Agosti ikawa inaongea kwa redio na nyambizi nyingine, wapangane pa kukutana. Maadui wakayanasa mawimbi yale, wakajua ilipo, ndege zikaifuata na mabomu. Watu sitini na saba walizama nayo. Hakuokoka hata mmoja.

"Yaani walimalizwa na domo," Faiza akasema. "Jihadhari, bwana wee."

Mahdi hakucheka. Alikuwa akimfikiria kijana wa redio, aliyefanya tu alichoamriwa.

Mguu ulipopona akaanza kuiunda ile nyambizi kwa mabomba ya plastiki, urefu wa mkono mzima. Vifaa vyake vikatwaa gereji yote. Gari la Faiza likahamia nje, naye kila asubuhi akawa anakwangua barafu kwenye kioo huku akiwaapiza Wajerumani kwa majina aliyoyatunga mwenyewe.

Majira ya joto yalipoingia wakaipeleka ziwani. Mahdi akabonyeza rimoti, nyambizi ikaenda, ikainamisha pua, ikazama vizuri kabisa. Watu waliokuwa ufukweni wakapiga makofi.

"Maashallah!" Faiza akasema. "Haya, ipandishe sasa."

"Si ndiyo najaribu."

Alijaribu hadi watu wakakunja viti vyao wakaenda zao.

"Basi umeiiga sawasawa," Faiza akamwambia njiani. "Imepotea kama ile yenyewe."

Mahdi aliendelea kubonyeza rimoti mpaka nyumbani. Faiza akaingiwa na wasiwasi kuliko kama angemsikia akilia.

Ziwa lilipoganda, simu ikalia. Alikuwa Jotham, jirani yao mzaliwa wa Kakamega, aliyekwisha kuambukizwa ugonjwa wa wenyeji wa kutoboa barafu na kuvua samaki.

"Mzee, njoo na mama. Kamera yangu imeona kitu huku chini."

Walimkuta amepiga magoti kando ya shimo, ameinamia kioo kidogo cha kamera aliyoishusha majini. Hapo ndani ilionekana nyambizi, imekaa wima kwenye matope, na samaki mnene akiizunguka taratibu.

"Ina mpangaji," Faiza akasema.

Jotham akashusha ndoana, akakosa, akashusha tena, ikanasa. Wakavuta. Pua ikatokea shimoni, mnara ukapita kwa shida, kisha mapezi ya nyuma yakakwama. Jotham akakimbilia kekee apanue shimo. Faiza akajitupa kifudifudi juu ya barafu, buibui limevaliwa juu ya koti nene, akaikumbatia pua kwa mikono miwili.

"Usiiachie, mke wangu! Ikirudi chini haitaonekana tena! Unajua, hata kule Madagaska—"

"Mahdi! Nyamaza uvute!"

Akavuta. Pezi moja likakatika, nyambizi ikachomoka ghafla, wote wawili wakabingirika chali, maji ya baridi yakawamwagikia vifuani. Jotham alicheka hadi akaketi kwenye ndoo yake ya samaki, na samaki wamo.

Pezi jipya Mahdi alilikata kutoka kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi. Ziwa lilipoyeyuka wakairudisha majini, safari hii na kamba ndefu iliyofungwa mkiani. Rimoti alishika Mahdi, kamba akashika Faiza, akitembea ukingoni kama mtu anayetembeza mbwa, na kila mpita njia aliyeuliza akasimuliwa habari za U-197 na Faiza mwenyewe, tangu ilipong'oa nanga.