Vumbi la Ndani ya Chuma

Mdogo wangu alipofariki, shefu wa atelye ya reli, yaani mkuu wa karakana yetu, alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwamba marehemu hakuwahi kuharibu kazi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na Mama, nikijua kwamba saa ile ile, kule bandarini, transfo aliyoitengeneza marehemu ilikuwa ikichemka kama sufuria ya maharage.

Transfo ni sanduku linalopunguza nguvu ya umeme kabla haujafika kwenye mashine. Ndani yake kuna mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za Biblia, na waya umezungushwa juu yake. Kuzungusha waya ilikuwa kazi yangu. Mwaka ule wa baada ya uhuru sanduku la bandari lilianguka kutoka kwenye behewa, mabati yakapinda, na wazungu waliojua dawa yake walikuwa wameshavuka ziwa na nguo zao. Shefu alimwambia mdogo wangu, aliyekuwa mhunzi, "Yanyooshe." Hakuongeza neno. Naye akayafukia kwenye makaa mpaka yakawa mekundu, akayagonga, akayaacha yapoe ndani ya majivu. Yalitoka yamenyooka hata ukaona haya kuyagusa.

Nikazungusha waya, transfo ikafungwa bandarini, kisha ikaanza kunguruma na kupata joto, na yeye akapata homa. Homa ilikuwa na haraka zaidi.

Nilitaka kujua jambo moja tu: aliharibu, au hakuharibu? Lakini hilo huwezi kuliuliza matangani. Matangani kila marehemu ni fundi bora.

Matanga yakaanuliwa, wageni wakaondoka, isipokuwa mjomba wetu wa Kabalo. Mwanzoni alisema reli imekatika. Reli ilipounganishwa, goti lake likaanza kumuuma.

Baadaye alikuja mzungu mmoja mzee kukagua mashine za bandari. Ujanani alifanya kazi kiwandani, huko yanakotengenezwa mabati ya aina hiyo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru. Alijua "leta", "beba" na "haraka", na kwa maneno hayo akajaribu kunieleza mambo yasiyoonekana. Hilo halikunitisha. Mapadri walikuwa wameshanizoesha.

"Kule kiwandani," alisema, "chuma inapata moto mingi sana. Vitu vya ndani vinayeyuka, vinapotea. Halafu tunaikandamiza, inakuwa nyembamba, inaanza kupoa. Ile vitu inarudi. Inarudi vumbi."

"Kama mawese," nikasema. Mawese yakipata moto huwa maji mekundu matupu, lakini asubuhi ya baridi utayakuta yamerudisha chembe.

"Njo vile," akakubali. "Poa polepole, chembe kubwa. Poa haraka, chembe ndogo. Sisi tunataka ndogo-ndogo, kila mahali."

Vumbi hilo, alivyonieleza, huzishikilia punje zinazojenga chuma chenyewe zisikue ovyo, mpaka zile zinazoelekea upande mmoja zipate nafasi ya kukua peke yao. Nguvu ya sumaku hupita upande huo bila taabu. Kazi hiyo ikiisha, vumbi huondolewa kwa moto wa muda mrefu, maana likibaki huwa kizuizi. Nilimwelewa kuliko alivyotegemea. Waombolezaji nao hukuzunguka wakakushikilia usianguke, kisha, wenye adabu, huenda zao.

"Na mdogo wangu?"

Aliokota bati moja kati ya yale tuliyoyatoa kwenye transfo, akalitazama kwa jicho moja kama anayelenga bunduki. "Makaa iliingia ndani. Ikazaa vumbi ingine, na hii haikutoka." Akaligeuza. "Sijaona chuma mubaya yenye kunyooka hivi."

"Aliharibu, basi."

"Aliharibu. Nani alimuambia atie moto?"

"Hakuna. Shefu alimuambia anyooshe tu."

"Basi alinyoosha," mzee akasema, akanipa bati.

Mengine yalitupwa. Lile moja nililipeleka nyumbani. Mama alikuwa akichekecha unga wa muhogo. Aliliona, akajua linatoka wapi.

"Wamesemaje?"

Ningeweza kusema alivyosema shefu. "Aliharibu, Mama. Lakini alinyoosha."

Akamimina unga mwingine kwenye chekecheo. "Alikuwa njo vile," alisema. "Ukimutuma maji, analeta maji. Hakuulizaka ya kazi gani."

Nikamweleza habari za vumbi: lile linalokuja kwa wakati wake likashikilia, kisha likaondoka, na lile lililoingia kutoka kwenye makaa likabaki. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye kivuli cha ukuta, alikolala Mjomba, goti lake likiwa juu ya mto.

"Kumbe hata chuma kina mujomba," akasema Mama.

"Nimesikia, dada," Mjomba akajibu bila kufumbua macho.

Ilikuwa mara ya kwanza Mama kucheka tangu maziko, na hakucheka sana. Akalipangusa bati kwa pindo la kitenge, akafunika nalo chungu cha mawese. Likakaa sawasawa, bila kuacha upenyo.