Boma Zima, Isipokuwa Upande wa Jikoni

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi, ng'ombe wa baba walikufa kwa ugonjwa, na baba akawafuata kabla mvua hazijakatika. Hapo ndipo shida zilipoanza. Niliacha shule nikiwa darasa la tatu. Sikuirudia na sijaililia. Nilitoka Mara nikamfuata mjomba Mwanza, nikapata kazi ya kuchota maji kwenye duka la picha pale Nyamagana, maana enzi zile picha zilioshwa kama nguo. Mwenye duka hakunifundisha kitu. Niliiba kwa macho. Siku niliyonunua kamera yangu nilikuwa nimeshajua makosa yake yote na nimeanza kutengeneza ya kwangu.

Nayaandika haya mapema ili mtu asiniulize nilisomea wapi kompyuta. Sikusomea. Simu zilipokuja na kila mtu akawa mpiga picha, studio yangu ya Mkuyuni ikabaki na picha za pasipoti na za marehemu. Wenzangu waliuza kamera wakafungua vibanda vya chipsi. Mimi situlii, na mtu asiyetulia haketi kungoja wateja wasiokuja. Nikaona kwenye kompyuta ya mwenye hoteli mmoja picha ya chumba ambayo ukiivuta na mausi inazunguka: unaona kitanda, unaona mlango, unaona dirisha, unainua unaona feni ya darini, unashusha unaona zulia. Kama umesimama mlemle ndani. Nilimwomba aniachie kiti. Niliizungusha ile picha mpaka akaniuliza kama nimekuja kikazi au nimekuja kucheza.

Nikajifunza. Niliharibu nyingi. Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi: unasimika kamera kwenye stendi mahali pamoja, unapiga, unaigeuza kidogo, unapiga tena, mpaka imezunguka duara zima, halafu juu, halafu chini. Kila picha ipandane na mwenzake kidogo, ili kompyuta ijue pa kushonea. Lakini kitu kikisogea kati ya picha na picha, umekwisha. Wimbi la ziwa halikusubiri, linakatika katikati. Mtu akipita anatoka nusu, kiwiliwili bila miguu. Akisimama hapa, kisha akahamia pale kamera inakoelekea, anatoka mara mbili, yuleyule, kama pacha wake amekuja kumtembelea. Ndiyo maana mimi kabla sijapiga nafukuza watu wote. Wahudumu, wapishi, hata mwenye hoteli na tai yake. Tokeni. Picha zangu zilikuwa safi, na wenye hoteli za ufukweni walinitafuta wenyewe.

Halafu mke wangu akaanguka bafuni. Kiharusi. Kilichukua upande wa kulia, mkono na mguu, na ulimi kikauacha, namshukuru Mungu, ingawa kuna siku nilijiuliza. Daktari alisema asipande gari la safari ndefu. Yeye akasikia hilo na akataka safari palepale.

"Nataka kumwona mama," akasema.

Mama yake yuko kwetu Mara, kijiji cha kandokando ya ziwa, bibi mzee aliyebaki bomani na mwanawe mkubwa, yaani shemeji yangu. Kumleta Mwanza haiwezekani. Yule mama hutapika gari likiwa bado halijawashwa. Simu nayo ni bure: masikio yamepungua, na kile kioo kidogo anakiona kama kinamchezea. Anakiambia kioo, "Nani huyo? Toka huko ndani," anakirudisha kwa mwenyewe.

"Nikifa sijamwona?" mke wangu akaniuliza. "Au akifa yeye?"

Nilizunguka sebuleni. Nikatoka nje, nikarudi. Kumpakia kwenye basi ni kumuua. Kumkatalia ni kumuua polepole. Ndipo nikakumbuka kazi yangu mwenyewe, mtu mzima mimi, nimewasimamisha wageni wa nje ndani ya vyumba ambavyo hawajavifikia, na mke wangu nimemwacha kwenye kiti anatazama ukuta.

"Nitakuletea boma zima," nikamwambia. "Utasimama katikati yake."

Akanitazama. "Basi nenda. Unasimama mlangoni kufanya nini?"

Sasa hapa lazima nieleze jambo, kwa wasio wa kwetu. Kwetu mkwe hatazamwi. Mwanaume na mama mzaa mke hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja. Nimemwoa binti yake zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuuona uso wa mama yule. Namjua kwa sauti, kwa kikohozi, na kwa ugali anaoniletea kwa mkono wa mtu mwingine. Mchungaji wetu aliwahi kuniambia hayo ni ya zamani. Nikamwambia sawa mchungaji, na mimi pia ni wa zamani.

Nikafika bomani mchana. Mama mkwe alishaingia ndani aliposikia pikipiki. Nikasimama nyuma ya ukuta wa nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwanangu anakula?"

"Anakula, mama."

"Anakula nini?"

"Anakula na kugombana."

Nikamsikia akicheka kule ndani. Nikamwomba asitoke mpaka nimalize. Shemeji nikamtoa, na watoto, na mbuzi. Nikasimika kamera katikati ya uwanja nikapiga kazi ya kuheshimika: nyumba, jiko la nyasi, jabali kubwa wanaloanikia mihogo, ua wa minyaa, na ziwa kule chini limekaa kama bamba la chuma. Hata jua lilinisaidia. Nikarudi Mkuyuni, nikashona, nikakagua kila mshono, nikamvuta mke wangu na kiti chake mpaka mbele ya kompyuta, nikamwekea mausi mkono wa kushoto.

Akazungusha. Nyumba. Jabali. Minyaa. Ziwa. Akazungusha tena, haraka zaidi. Jiko. Nyumba. Jabali. Akawa anazungusha kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya nyumba. Nilimwomba asitoke."

Akaachia mausi. "Kwa hiyo umekwenda mpaka kwetu ukamfungia mama yangu ndani, ukaniletea mlango."

"Mama mkwe hapigwi picha na mkwewe, unajua wewe."

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Nilimtoa."

"Mbuzi?"

Nikaanza kupangusa kioo cha kompyuta.

"Mbuzi, mzee?"

"Nilimtoa."

"Hili ni boma la watu waliohama," akasema. "Hivi ndivyo litakavyokuwa tukishamzika mama. Umeniletea msiba kabla ya msiba." Kisha akasema neno ambalo lilinitoa jasho: "Wikiendi hii napanda basi. Nitalala hata kwenye korido, lakini nitafika."

Na yule akisema, anafanya. Nilimkuta amemwagiza jirani amfulie vitenge vya safari.

Sikupata usingizi wala sikupata kukaa. Picha ile haikuwa na kosa. Ningempelekea mwenye hoteli yeyote, angeninunulia soda. Lakini mtu hakuoa hoteli. Nikawa natembea kutoka studio mpaka nyumbani, kutoka nyumbani mpaka studio, watu wa Mkuyuni wananiuliza, "Mzee, umepoteza nini?" Nawajibu sijapoteza kitu, nafikiri. Nilikuwa natafuta namna ya kumpiga picha mtu ambaye siruhusiwi kumwona, kwa kamera inayozunguka ikaona mbele, nyuma na pembeni. Ingekuwa picha ya kawaida ningempa mgongo tu. Hii haina mgongo.

Asubuhi nikamwambia, "Usipande basi. Napanda mimi tena."

"Ukarudi na mlango mwingine?"

"Nikirudi na mlango, nitakubeba mgongoni mpaka kwenu."

"Nimesikia," akasema. "Na jirani amesikia."

Safari hii nilimwita shemeji kando ya njia kabla sijaingia. Yeye ni mvuvi, mikono kama makasia. Nikamweleza: mimi nitasimika kila kitu, nitapanga mwanga, nitafunga kila kinachofungika. Kisha nitatoka nje ya minyaa, na mama atatoka ndani. Wewe utageuza kamera alama kwa alama, hizi nilizochora kwenye stendi, na kila alama unabonyeza. Basi.

"Shemeji," akasema, "mimi kitu changu kikigoma nakipiga teke."

"Hiki ukikipiga teke nakurudisha ziwani bila mtumbwi."

Nikasimika stendi. Nikatoka. Nikasimama nyuma ya ua, nimelipa boma mgongo, macho yangu kwenye shamba la mihogo la jirani, nikiwa mpiga picha pekee nchi hii anayefanya kazi akitazama upande usio wake. Nikasikia mlango. Nikasikia fimbo ya mama ikigonga ardhi.

"Mkwe," akaita kutoka kule, "nitazame wapi?"

"Popote, mama. Kaa tu kwenye kigoda chako hapo mlangoni pa jiko. Usisogee."

"Nimekaa."

"Shemeji, geuza. Bonyeza."

"Tayari."

"Geuza. Bonyeza."

"Tayari. Hee, mbuzi kaja."

"Mwache mbuzi!"

"Shemeji, mbona hasira? Wewe si ndiye uliyetaka mbuzi?"

"Geuza!"

Tukaenda hivyo. Mwilini nilikuwa na wadudu. Kazi yangu, stendi yangu, lenzi yangu, na siruhusiwi kugeuza shingo. Kila nikisikia mguu ukiburuta nasema, nani huyo? Shemeji anasema hakuna. Mara nikamsikia mama akifoka, "Tokaaa!" na jiwe likarushwa.

"Nini hicho?"

"Kuku yuko kwenye mihogo ya jabalini," shemeji akasema.

"Mama amesogea?"

Kamera ikalia.

"Amesogea kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Shemeji, mimi nabonyeza au naongea?"

Nyumbani nikakutana na kazi nyingine. Kushona picha ni kuzitazama. Unazikuza, unafuata ukingo mmoja mpaka mwingine, unatafuta mahali jicho linaponaswa. Na humo ndani yupo mama mkwe wangu, uso wazi, jikoni. Nikaingiza picha zote kwenye programu, nikaiachia ishone yenyewe, na kioo nikakifunika khanga ya mke wangu. Nikakaa nasikiliza kompyuta inavyohema chini ya khanga. Ile ndiyo kazi ya kwanza maishani mwangu niliyoitoa mkononi bila kuikagua. Afadhali ningetoka nje bila viatu.

Nikamvuta mke wangu mbele ya kioo, nikatoa khanga huku nimegeukia ukuta.

Mausi ikalia. Ikanyamaza. Ikalia.

"Mama," akasema. Si kwangu. "Mama, shikamoo."

Nikatazama kalenda ukutani. Nilisikia analia, na mimi nikaendelea kuisoma kalenda ile, mwezi mzima, na sikukuu zake. Halafu kilio kikakatika.

"Mzee."

"Naam."

"Mama wapo wawili."

Nilijua papo hapo. Kuku! "Mmoja yuko jikoni na mmoja yuko jabalini?"

"Amekaa jikoni ametulia kama yuko kanisani. Halafu ukizungusha, yuko jabalini ameinua fimbo, mdomo wazi, anamtukana kuku."

"Alisogea," nikasema. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Kosa la mwanafunzi, kosa la siku ya kwanza, na limetoka studio kwangu. "Nitamwita mtu anayejua, amfute mmoja."

"Amfute yupi?"

"Wa jabalini. Huyo ndiye aliyeharibu."

"Mguse uone," akasema. "Yule wa jikoni ni mama alivyoambiwa akae. Wa jabalini ndiye mama yangu."

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka nikaogopa kiharusi kingine, akarudi jikoni, akarudi jabalini, jikoni, jabalini. Vitenge vya safari vikarudishwa sandukuni. Basi halikutajwa tena.

Lakini usidhani nyumba ilitulia. Mke wangu akainua picha akaona paa la jiko limelegea upande wa magharibi. Akashusha akaona ufa kwenye kizingiti, mahali mama anapokanyaga akitoka. Akampigia kaka yake simu. Akampigia tena kesho yake. Baada ya muda shemeji akanipigia mimi.

"Shemeji, ile si kamera. Umeniletea polisi. Ananiambia mpaka ndoo ilipokaa."

"Ziba ufa," nikamwambia.

Ufa umezibwa. Jiko limeezekwa upya. Mama mkwe yupo hai, anafukuza kuku. Kila asubuhi mke wangu hujisogeza kwenye kompyuta na kuamkia mara mbili, jikoni kwanza, jabalini baadaye, na mimi kwa muda huo huwa nina kazi uani. Mshono wa pale jabalini unaniwasha mpaka leo. Nasikia kivuli cha fimbo kimekatika. Ningekiunga mchana mmoja tu. Nimeshika mlango wa chumba cha kompyuta yake nikauachia, si mara moja.

Leo hii nina nyumba ya matofali Mkuyuni, vyumba vinne na choo cha ndani. Studio moja, yangu, si ya kupanga. Kamera tatu, moja imekufa. Stendi mbili. Kompyuta mbili, moja ya mke wangu, haiguswi. Migomba nyuma ya nyumba. Mke anayetembea kwa fimbo mpaka getini. Na picha moja ya mzunguko, kazi yangu mwenyewe, ambayo ndani yake nimeliona boma zima isipokuwa upande wa jikoni na wa jabalini.