Nilikubali binti yangu asiwe wa kwanza darasani, hadi leo najuta

Habari za leo wakuu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha hesabu shule za msingi hapa Mbeya mpaka nywele zimeisha kichwani. Ninachoandika kimenitokea mwenyewe na sina sababu ya kukipamba.

Siku ile mwalimu mkuu aliponiita ofisini nilitakiwa kusema hapana. Nikasema sawa.

Ngoja nieleze.

Ilikuwa wiki ya kufunga shule, mwezi wa kumi na mbili. Walimu wenzangu mnaijua hiyo wiki. Mvua zimeanza, nusu ya darasa wamebakizwa nyumbani kupanda mahindi, na wazazi haohao wanakuja kuuliza kwa nini mtoto hana maksi. Unasahihisha mpaka kidole kinaota sugu. Ripoti unaandika kwa mkono, na huwezi kumaliza kwa sababu mwenzio wa Sayansi hajaleta maksi zake.

"Kesho asubuhi, mzee wangu," alikuwa ananiambia yule kijana.

"Hiyo kesho yako naisikia tangu Jumatatu."

"Sasa mzee, si umeshaizoea?"

Unacheka, hasira zinaisha, maksi bado huna.

Mimi nilikuwa class teacher wa darasa la sita, shule moja pembeni ya Ilomba, jina naliacha. Nilikuwa nao tangu la tano. Humo darasani alikuwemo binti yangu, Atupele. Kwetu Wanyakyusa jina hilo ni kusema Mungu ametupa, na kweli alitupa, maana tulimpata tukiwa tumeshakata tamaa.

Atu alipenda hesabu kuliko chakula. Jioni mimi napukuchua mahindi, yeye anakaa kando yangu na daftari, ananitegea maswali. "Baba, hili huliwezi!" Nikikosea makusudi anacheka mpaka mama yake anatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Mwaka uliotangulia alikuwa wa kwanza, na wazazi walisema sana. Mtihani katunga baba, kasahihisha baba, zawadi kachukua mtoto. Zawadi yenyewe ndoo ya plastiki na madaftari.

Kwa hiyo mwalimu mkuu, mama mmoja wa Kibena niliyemheshimu, akaniita, akarudishia mlango.

"Baba Atu, mtoto anaongoza tena?"

"Anaongoza mama, kwa maksi moja."

"Moja tu! Si uiangalie vizuri hiyo karatasi? Mwaka huu sina nguvu ya kugombana na wazazi."

Hakunilazimisha. Aliniachia mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimechoka, nilitaka wiki iishe, nikasema sawa.

Karatasi ya Atu niliipekua kama askari wa barabarani. Kwenye swali la mzingo wa mstatili alipata jibu sahihi, ila hakuandika "sm" baada ya namba. Ni kweli nilikuwa nawafundisha waandike vipimo. Lakini wengine wote waliosahau niliwasamehe. Yeye nikamkata maksi mbili.

Siku ya kufunga, majina yakasomwa mbele ya wazazi, wa kwanza mpaka wa mwisho, kama ilivyo desturi. Akaitwa Edga. Kisha Atupele. Makofi. Mama mmoja akaja kunipa mkono: "Mwalimu, mwaka huu umetenda haki."

Nikajisikia vizuri, wakuu. Hapo ndipo panaponiuma zaidi nikikumbuka.

Nyumbani Atu akaja na karatasi yake na ya Edga, walikuwa marafiki.

"Baba, Edga naye hakuandika sentimita. Mbona yeye umempa vema?"

Ningeweza kumwambia nimekosea. Nikamwambia, "Wewe ni mtoto wa mwalimu. Lazima uwe mfano."

Akaikunja karatasi. "Sawa baba." Akaenda kumsaidia mama yake kuchambua mboga.

Hakulia, hakununa. Nikadhani yameisha. Jioni zilizofuata nilipukuchua mahindi peke yangu, nikajiambia mtoto anakua, wasichana wakikua wanakaa na mama zao.

Akaenda sekondari, ya kutwa, analala nyumbani. Ndoto yake ilikuwa kujenga madaraja, hiyo nayo niliisikia kwa mama yake. Matokeo ya form four yalipotoka, hesabu alikuwa na F. Mimi nilishangaa kama mgeni. Mama yake akasema mtoto alianza kupotea kwenye hesabu form two, na mtoto mwenyewe ndiye aliyemkataza asiniambie.

Sasa hivi anashona nguo Mlandege, Iringa. Ana mume mwema, maisha yanaenda. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Tunakula, nikajikaza nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniletea hesabu za sekondari.

Akacheka kwanza. "Baba nawe! Ya zamani hayo. Kula, ugali unapoa."

"Niambie tu mwanangu."

Akaweka tonge chini. "Nilikuwa naogopa kukosea mbele yako. Wenzangu wakikosea ulikuwa unawasamehe. Nikaona bora nisikuulize." Halafu akaniongezea mboga.

Nikamwomba msamaha palepale. Akasema alishasamehe siku nyingi, na mimi namwamini.

Walimu mlio kazini, mkiwa na rundo la karatasi mezani na mkuu anawaita kwa jambo kama hili, kataeni. Mtoto wako mpe maksi zake kama unavyompa wa jirani. Wazazi watasema, watachoka. Aliyewahi kuwa mtoto wa mwalimu aniandikie hapa chini, na anayetaka kunisema pia aseme. Nitasoma yote.

Wapo watoto wa watu niliowafundisha, leo ni mainjinia. Wa kwangu alifeli hesabu akiwa ndani ya nyumba yangu, mimi nimekaa chumba cha pili, kwa sababu aliogopa kuniuliza.