Marundo ya Mawe Njia ya Ziwani

Mtunza njia ya ziwani walimbandika jina Mnyoofu, maana hata fagio hakuliacha limeegemea upande. Ameitunza njia hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ziwa lenyewe limejificha juu milimani, na ukungu ukishuka, mgeni huongozwa na marundo ya mawe tu. Wageni nao hujijengea ya kwao ili wapige picha. Mnyoofu aliyachukia hayo kama upele. Akiyakuta, teke moja, chini.

"Shemeji, ipo siku utapiga la kwetu," kaka wa mkewe, mwenzake kazini, alimtania.

"La kwetu nalijua kama meno yangu."

"Na mawili yameshang'oka!"

Mvua zilipolainisha ukingo wa ziwa, shemeji aliizungusha njia mbali nao, akapanga marundo mapya. Alimwambia Mnyoofu asubuhi, ila yeye alikuwa anagombana na kufuli la stoo, akaitikia tu, "Ehe, ehe." Alipopanda akayakuta, yamekaa upandeupande. Akayavuruga yote, akashuka akipiga mluzi.

Mchana mama mmoja mgeni aliletwa getini, tope hadi kiunoni, viatu mkononi, anatetemeka. Alifuata njia ya zamani, ukingo ukamzamisha.

Msimamizi akamgeukia shemeji. "Si ulisema umeweka alama?"

"Niliweka, bosi."

"Ziko wapi? Zimeota miguu? Kesho usije. Wanaotaka kazi ni wengi."

Shemeji akamtupia Mnyoofu jicho, kisha akainama. Alishajua.

Uso wa Mnyoofu ukawaka moto. "Ni mimi," alisema. "Nimeyavunja mimi. Nilidhani ni ya wageni."

"Wewe! Basi ni wewe utakayebaki chini mwezi mzima, ufagie geti."

Yule mama akamnyooshea viatu. "Anza na hivi, baba. Osha."

Akachuchumaa bombani, watu wote wanamtazama. Mara shemeji akaja, akachukua kiatu kimoja, akaanza kukisugua. Matusi Mnyoofu angeyavumilia, hilo lilimshinda.

"Niachie, shemeji, nakuomba."

"Sugua chako."

Akasugua, uso chini, hata maji yalipokuwa yameshaanza kutoka safi.

Mpaka leo, akikuta rundo asilolijua, hulipita mikono nyuma, akashuka kwanza kuuliza.