Masikio ya Ngassa

Ngassa, fundi pikipiki wa Somanda, aliugua homa ya uti wa mgongo akabaki kiziwi. Tangu hapo mkewe, Milembe, alikuwa masikio yake. Ngassa akirekebisha kabureta, Milembe alisikiliza injini, na muungurumo ukitulia aliinua mkono.

Siku chache baada ya Ngassa kumzika Milembe, mwalimu Specioza alileta skuta yake iliyokuwa ikikohoa na kuzima. Ngassa alitoa chujio la hewa lililozibwa na vumbi pamoja na mpira wake uliopasuka, akafunga vipya. Ikabaki kabureta.

“Mwalimu, ikitulia inua mkono,” aliomba, akaanza kuzungusha skrubu taratibu.

Specioza hakujua asikilize nini. Lakini alipouona uso wa yule mjane ukimtazama kwa matumaini, huruma ilimshika, akainua mkono upesi. Ngassa aliacha palepale, akamshukuru.

Skuta ilizima kabla haijafika barabara kuu. Ngassa alimwona mwalimu akiikokota kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Jioni mdogo wake Ngassa alimkuta bado ameketi kibandani. Alimwonyesha kwa ishara wafunge, waende nyumbani.

Kesho yake Ngassa hakufungua kibanda.