Kipima uongo kimenikamata kliniki

Leo mashine imenitoa ukweli ambao hata mke wangu hajawahi kuupata!

Mnanijua. Nilikuwa sajini jeshini, siogopi mutu.

Kule kambini kitu kikiibwa, afande alileta kipima uongo. Anakufunga kitambaa mkononi, anajaza hewa, anasema, "Hii inasikia moyo. Sema!"

Wote walisema. Hata mimi siku moja nilisema, lakini hiyo tuiache.

Sasa asubuhi mke wangu amenipeleka kliniki hapa Bwera kupima presha. Nesi akanifunga kitambaa kile kile. Kile kile!

"Mzee, dawa unameza kila siku?"

"Kila siku, binti yangu."

Kitambaa kikanibana. Namba zikapanda. Nesi akashika kalamu. "Basi hizo zimeshindwa. Nakuandikia kali zaidi."

Jasho likanitoka. Nikasimama wima kama kuruti: "Afande, nadanganya! Niliacha tangu Pasaka!"

Wagonjwa wote wakacheka. Mke wangu hakucheka.

Nesi akachana karatasi. "Mzee, hizi kali zingekuangusha. Na hii inapima presha tu, haijui uongo."

Haijui? Amesoma, namheshimu. Lakini alipopima tena, baada ya mimi kusema ukweli, namba zilikuwa zimeshuka. Nimeziona kwa macho yangu haya! Mpaka sasa mkono unanisisimka. Nyinyi mliosoma, nielezeni.

Mke wangu anauliza hicho kitu kinauzwa wapi. Mwenye kujua asimwambie.